Aliyepatikana Kando ya Reli

Simu iliingia Jumatatu saa nne asubuhi, Dorkasi akiwa amepiga magoti kwenye tuta, mikono imejaa udongo wa viazi. Namba hakuijua. Tangu mumewe apotee alikuwa na desturi ya kupokea namba ngeni upesi, hata akiwa kanisani, hata akiwa amebeba mtoto wa mtu. Alijifuta mikono kwenye kitenge, akapokea.

"Wewe ndiye mke wa Anderson?"

"Ni mimi."

"Uliyeandikisha taarifa ya mtu aliyepotea, Julai mwaka jana?"

"Ndimi."

"Napiga kutoka polisi, Makambako. Njoo kesho asubuhi, uje na ndugu wa upande wa mume. Kuna mtu amepatikana."

"Amepatikana akiwa katika hali gani, afande?"

"Njoo na ndugu, mama."

Dorkasi aliendelea kushika simu sikioni hata baada ya kukatika. Angekuwa mzima, aliwaza, wangempa simu aongee mwenyewe.

Anderson alikuwa akinunua mbao za paina kwa wapasuaji wa vijiji vya Njombe, njia ya Uwemba, na kuzisindikiza hadi Makambako kwa wanunuzi. Siku ile ya Julai alikabidhi mzigo, akala karibu na stendi, akampigia mkewe kwamba angelala gesti na kurudi kesho yake. "Funga mlango vizuri, baridi ni kali," alimwambia. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena. Gesti walisema hakulala pale. Dereva mmoja alisema alimwona akipanda lori la Tunduma. Mwenzake akabisha kwamba yule alikuwa mtu mwingine.

Ilikuwa imepita miezi kumi. Mwanzoni Efraimu, mwinjilisti wa mtaa wao, alilitaja jina la Anderson kila Jumapili katika maombi, kwenye fungu la wasafiri. Baada ya Krismasi alimwita Dorkasi nyuma ya kanisa, akainamisha macho. "Mama Peace, nisamehe kwa kuuliza. Nimweke wapi sasa? Kwa wasafiri, au niombe kwa ajili ya familia iliyofiwa?" Jumapili iliyofuata jina halikusikika kwa wasafiri wala kwa waliofiwa, na hakuna aliyeuliza.

Mchana huohuo wa Jumatatu alivuka uwanja kwenda kwa baba mkwe wake. Mzee Nahumu, mzee wa kanisa kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa ameketi jikoni karibu na moto, koti limefungwa hadi shingoni. Alisikiliza habari yote bila kumkatiza.

"Wamesema mtu?" aliuliza mwishoni. "Hawakusema maiti?"

"Wamesema mtu, baba."

Mzee akasogeza kuni ndani. "Tutaondoka na gari la saa kumi na mbili," alisema.

*

Kituoni waliwekwa kwenye benchi la ukutani hadi saa tatu. Askari wa upelelezi aliyewaita alikuwa kijana mpole mwenye faili jembamba. Aliwaeleza kwamba vibarua waliokuwa wakifyeka nyasi kando ya reli walikuta mabaki ya mtu kwenye korongo, maji ya mvua yalipopungua. Yalikuwa yamekaa muda mrefu. Daktari alisema ni mwanamume, mtu mzima, wa kimo cha wastani.

"Mabaki," alisema Mzee Nahumu, kama anayejifunza neno jipya.

"Mifupa, mzee. Na nguo kiasi." Askari akamgeukia Dorkasi, kalamu tayari. "Mumeo ana alama gani mwilini? Kovu, jino, mfupa uliowahi kuvunjika? Hata alama zilizojificha, wewe ndiye unayezijua."

Dorkasi alihisi uso unawaka. Katika miaka kumi na mitatu ya ndoa hakuwahi kukaa benchi moja na baba mkwe wake, wala kutaja mbele yake hata shati la mumewe. Sasa aliombwa kuueleza mwili wa Anderson, na mzee yuko umbali wa kiganja. Mzee Nahumu akasimama mwenyewe. "Nitakuwa hapo nje," alisema, akatoka bila kuangalia nyuma.

"Ana kovu la moto, paja la kushoto," Dorkasi alisema kwa sauti ndogo. "Na jino moja la chini halipo, upande wa kulia. Aling'olewa kabla sijaolewa."

"Kovu halitatusaidia tena," alisema askari, akiandika. "Jino ndilo lingetusaidia. Ila taya la chini halikupatikana. Tumelitafuta siku mbili. Pengine ni maji, pengine mbwa." Akainua macho, akatambua alichokuwa amesema. "Samahani, mama."

*

Chumba cha maiti kilikuwa nyuma ya hospitali, mlango wake ukitazama uzio wa miti ya milingoti. Mhudumu, mwanamume wa makamo aliyeitwa Kasimiri, aliwasalimu kwa Kibena, "Kamwene," kisha akawauliza kama wamekula. Walipokataa akasema ni afadhali mtu awe amekula. Akafunua turubai.

Hapakuwa na sura ya kutambua. Dorkasi alijiandaa kwa kitu cha kumtia kichaa, akakuta kitu kikavu na kimya ambacho hakikumwambia lolote. Kando yake palikuwa na jaketi la bluu lililopauka, kiatu kimoja cha mguu wa kulia, na mkanda wa ngozi uliotobolewa tundu la ziada kwa msumari.

Anderson alikuwa na jaketi la bluu. Nusu ya wanaume wa Njombe wana majaketi ya bluu, yote yametoka kwenye marobota yaleyale ya mitumba. Alikuwa na mkanda wa ngozi, na ni kweli aliutoboa tundu mwaka ule alipougua na kukonda. Lakini alitumia kisu, au alitumia msumari? Dorkasi alisimama akijaribu kumwona Anderson ameketi kwenye kigoda na mkanda mapajani. Alimwona vizuri kabisa, hadi kunguru ambaye mtoto wao Peace alikuwa amemchora ukutani nyuma yake, lakini mkononi mwake hakuona kisu wala msumari.

"Ni yeye," alisema Mzee Nahumu.

Wote wakamgeukia.

"Una uhakika, mzee?" askari aliuliza.

"Huu mkanda naufahamu. Ni mwanangu." Alikuwa amevua kofia na kuikamata kwa mikono miwili. "Leteni karatasi niweke sahihi. Nitoke kidogo nipate hewa."

Alitoka. Kupitia mlango ulioachwa wazi walimwona amesimama chini ya milingoti, simu sikioni, akizungumza maneno machache na kuitikia kwa kichwa.

"Na wewe, mama?" askari alimuuliza Dorkasi. "Mkikubaliana wote wawili, mnaweza kumchukua leo. Mkitofautiana, tutachukua sampuli kwa mzee, ipelekwe kwa mkemia. Nisikudanganye, majibu yatachukua muda. Na mifupa iliyolala majini hivi, inawezekana kipimo kisiseme kitu."

Dorkasi aliutazama ule mkanda. Mdomo wake ulikuwa karibu kufunguka. Akisema ndiyo, jioni atakuwa mjane. Mjane husogezewa kiti, huombewa kwa jina lake, na mtoto wake huitwa yatima, si mtoto wa mtu aliyetoroka. Akisema ndiyo, yule mwanamke wa Tunduma ambaye majirani walimtunga, wakampa hadi umbo na duka la vitenge, atakufa siku hiyohiyo. Anderson atakuwa hakumwacha. Atakuwa alikufa akirudi nyumbani. Neno moja tu, na hakuna mtu duniani angeweza kumwambia amesema uongo.

"Naomba nizungumze na baba kwanza," alisema.

*

Alimkuta mzee ameketi kwenye jiwe. Akabaki amesimama hatua tatu kutoka kwake, kama heshima ilivyotaka.

"Baba, umeujuaje ule mkanda?"

"Nimekwambia naufahamu."

"Mimi niliufuta, niliuning'iniza, niliupanga. Miaka yote. Na mimi siufahamu."

Lori la mbao lilikuwa likipanda barabara kuu, likinguruma kwa taabu, na mzee akalisikiliza hadi likapita.

"Mama Peace," alisema, "asubuhi ile anaondoka alipita kwangu kuniaga. Nilimwambia mwanamume wa miaka arobaini hasindikizi mbao za watu. Nilimwambia mdogo wake amejenga, yeye bado anaombaomba nauli. Nilimwambia, kama utarudi mikono mitupu ni bora usirudi." Akaikunja kofia mkononi. "Nimesoma neno la Mungu madhabahuni kila mwezi tangu siku ile. Kila nikisoma najiuliza: je, yule mtoto alinisikia? Yuko mahali amekaa kwa sababu yangu? Kama ni huyu aliyelala mle ndani, basi hakunitii. Alikuwa anarudi. Nipe huyu, mwanangu. Nipe nizike, nipumzike."

Dorkasi alihisi hasira ikimpanda hadi kooni. Miezi kumi mzee alijua jambo hili, na miezi kumi yeye alijilaumu kwa maneno ambayo hata hakuyasema. Kisha akamwona alivyokunjamana juu ya lile jiwe, shingo nyembamba ndani ya kola iliyopwaya, na hasira ikakosa pa kushika.

"Na mimi nataka awe yeye, baba," alisema. "Mungu anisamehe, nilisimama mle ndani nikitamani mume wangu awe amekufa. Unajua kwa nini? Ili wasiseme ameniacha."

Mzee akainua uso.

"Lakini kama si yeye," Dorkasi aliendelea, "huyu ni mtoto wa mtu. Kuna mwanamke mahali fulani, Songea au Zambia, naye anapokea kila namba ngeni. Tukimpa huyu jina la Anderson, yule mama hatapigiwa simu maisha yake yote. Na mimi nitakuwa nimemfanyia jambo ninaloomba kila siku nisifanyiwe."

"Sasa tufanyeje? Tumwombe Mungu mpaka lini? Nimemwuliza. Nimefunga. Hajanijibu."

"Na mimi hajanijibu."

Mzee aliweka mikono magotini, akajiinua.

"Twende nikatoe hiyo sampuli," alisema.

Walipoulizwa tena na askari, Dorkasi alijibu, "Sijui," na Mzee Nahumu akajibu, "Na mimi sijui. Nilisema kwa haraka." Askari akapiga mstari juu ya alichokuwa ameandika, akawapa wote wawili waweke sahihi pembeni. Kasimiri alimpitisha mzee pamba ndani ya shavu, akaifunga.

"Na huyu?" Dorkasi aliuliza. "Atakaa hapa mpaka majibu yaje?"

"Halmashauri inazika leo saa nane," alisema Kasimiri. "Watabakiza kipande kidogo kwa ajili ya kipimo, na kaburi litapewa namba, ili likihitajika lijulikane. Huwa tunakwenda mimi, bwana afya na wachimbaji wawili."

"Nani anaomba?"

Kasimiri aliona haya. "Mimi huwa nasema Baba Yetu, kimoyomoyo. Huwezi kujua mtu alikuwa dini gani."

Mzee Nahumu akaivaa kofia yake, kisha akaivua tena. "Tutakwenda," alisema.

*

Makaburi yalikuwa nje ya mji, udongo mwekundu umeloa. Sanduku lilikuwa la mbao nyepesi ambazo hazikupigwa randa, na Dorkasi, mke wa mtu wa mbao, aliona mara moja kwamba ni paina changa. Wachimbaji walifanya kazi haraka kwa sababu mawingu yalikuwa yakishuka. Bwana afya alisimama mbali kidogo akiangalia saa.

Walipolishusha sanduku, mzee akasogea ukingoni. Maneno ya maziko aliyajua bila kitabu. Aliwahi kuyasema kwa jirani zake, kwa kaka zake wawili, kwa mkewe. "Kwa kuwa imempendeza Mungu Mwenyezi kumwita ndugu yetu..." alianza, akafika mahali pa jina. Midomo yake ilifunguka. Wachimbaji wakamtazama. Dorkasi akafumba macho, akisubiri alisikie jina la mumewe likishuka shimoni.

"Ndugu yetu huyu," alisema mzee. "Bwana, wewe unamjua. Sisi hatumjui. Kama ni wangu, nimesimama hapa. Kama ni wa mwingine, mwambie baba yake kwamba hakuzikwa peke yake. Na kama wangu yuko hai, Bwana, mwambie..." Hapo alishindwa. Alirudia mara mbili, "mwambie, mwambie," kisha akainama, akachukua udongo.

Dorkasi naye alichukua udongo, akautupa. Akatarajia kulia. Machozi hayakuja. Kilichokuja ni woga uleule wa kila siku, uko palepale chini ya mbavu, haukuongezeka wala haukupungua. Kasimiri alichomeka ubao mdogo wenye namba, akaukandamiza kwa mguu hadi ukasimama.

*

Garini, walipokaribia Njombe, mzee alishtuka. "Nilimpigia Lidia," alisema.

"Lini?"

"Nilipotoka mle ndani. Nilimwambia mdogo wake amepatikana, waandae."

Dorkasi alijaribu kumpigia Lidia, wifi yake. Simu iliita, haikupokelewa. Alipiga mara nne.

Vilio walivisikia kabla ya kuiona nyumba. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni, ukungu umeanza kutambaa juu ya mashamba. Mabenchi ya kanisa yalikuwa yamepangwa uwanjani, moto mkubwa umewashwa, wanaume wamesimama vikundi vikundi na makoti yao. Akina mama wenye vitenge viunoni walipomwona Dorkasi anashuka njiani, walipiga yowe, wakamkimbilia. Lidia alikuwa mbele. Alimkumbatia kwa nguvu, kichwa chake kikimgonga kidevuni.

"Wifi! Wifi yangu! Mwili uko wapi? Gari liko nyuma?"

"Hakuna gari, wifi."

"Mmemwacha wapi?"

Dorkasi akatafuta maneno, lakini Mzee Nahumu alikuwa ameshapita katikati yao, akapanda juu ya benchi la kwanza. Mtu akamshika kiwiko asianguke. Vilio vikapungua, kimoja baada ya kingine.

"Ndugu zangu," alisema. "Kuna mtu amepatikana. Tumemzika leo, lakini hatujui kama ni Anderson. Nilimwambia Lidia ni yeye kabla sijajua, kwa sababu nilitaka awe yeye. Kosa ni langu. Mama Peace hakusema hivyo. Mtu asimwulize yeye."

Mwanamke mmoja akaanza kufungua kitenge chake kiunoni, mikono haijui inafanya nini.

"Kwa hiyo sisi tumelia nini tangu mchana?" Lidia alisema, machozi bado yanamtiririka. "Mmezika mtu mmerudi, halafu mnasema hamjui ni nani? Kuna watu wa hivyo?"

"Tupo sisi," Dorkasi alijibu.

Baadhi waliondoka. Walikuja na sufuria zao, wakaondoka nazo, na mmoja alisema, akihakikisha anasikika, kwamba yule wa Tunduma atacheka leo. Efraimu, mwinjilisti, alikuwa amekuja na kitabu cha ibada ya maziko. Alikifunga, akakiweka ndani ya koti, akamfuata Dorkasi hadi mlangoni.

"Mama Peace, sina la kukufundisha," alisema. "Nilitayarisha neno la kuwafariji waliofiwa. Neno la mambo kama haya sikutayarisha, na sijui kama ninalo."

"Basi kaa tu, mwinjilisti. Kuna viazi."

Alikaa. Kumi na watano hivi walikaa, kwa sababu moto ulikuwa unawaka na chakula kilikuwa kimeiva, na kwa sababu hawakuona namna ya kuondoka. Walikula bila kuimba. Lidia aligoma kula, akaketi akiutazama moto, na baada ya muda mzee akaenda kukaa karibu naye.

Dorkasi aliingia ndani. Peace alikuwa chumbani, ameketi kitandani na sare ya shule bado mwilini. Walikuwa wamemfunga kitambaa cheusi kichwani. Dorkasi akaketi kando yake, akakifungua kile kitambaa taratibu, akakikunja.

"Shangazi alisema baba amekufa."

"Shangazi aliambiwa hivyo. Hatujui, Peace."

"Lakini mmemwona?"

"Tumemwona mtu. Hatukuweza kujua ni nani. Tumemzika vizuri, babu ameomba."

Mtoto akafikiri. Alikuwa na miaka kumi na moja, na uso wake, kwenye mwanga ule mdogo, ulikuwa wa Anderson kuanzia puani kwenda juu.

"Mungu anajua ni nani?"

"Anajua."

"Anajua na baba yuko wapi?"

"Anajua."

"Sasa mbona hatuambii?"

Kwa miezi kumi Dorkasi alikuwa amemwuliza Mungu swali hilohilo kwa maneno mengi zaidi, akipiga magoti, akifunga, akilia shambani. Alitamani kumpa mtoto kitu, hata kidogo. Uwanjani mtu alikuwa akivunja kuni kwa goti.

"Sijui," alisema. "Namwamini, lakini sijui."

Peace alimwegemea begani. Walikaa hivyo kwa muda mrefu, hadi Dorkasi akadhani amelala.

"Mama."

"Ee."

"Kesho naenda shule?"

Dorkasi akaitazama ile sare, imejaa vumbi la uwanjani na alama za mikono ya watu waliomkumbatia mtoto mchana kutwa.

"Kesho unaenda shule," alisema. "Vua nikufulie, tuianike karibu na moto, itakauka."